Kujilinda si kupigana: historia ya judo, kutoka Tokyo hadi kwa watoto wa Bukavu

Tarehe 10 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, Brazili, watoto wawili wa Bukavu waliingia kwenye tatami ya Michezo ya Olimpiki. Mmoja ni Popole Misenga, aliyekuwa na miaka 24. Mwingine ni Yolande Bukasa Mabika, aliyekuwa na miaka 28. Hawakuvaa rangi za bendera ya Kongo. Walikuwa katika timu ya wakimbizi, ya kwanza katika historia ya michezo hiyo, yenye wanamichezo 10: wakimbiaji 5 kutoka Sudan Kusini, waogeleaji 2 wa Siria, mkimbiaji 1 wa Ethiopia, na hao Wakongomani 2 wa judo.

Siku hiyo Yolande alishindwa katika pambano lake la kwanza. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akaangushwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia. Hakuna aliyepata medali. Lakini watu ukumbini waliwapigia makofi, kwa sababu watu walikwisha kusikia njia waliyopita kufika pale.

Njia hiyo inawahusu wazazi wengi wa huku kwetu walio katika makambi, ama katika nyumba za jamaa waliowapokea. Mzazi akiambiwa kwamba kuna mtu anataka kuwafundisha watoto judo, karate ao ndondi nyuma ya shule, swali la kwanza ni lile lile: mtoto aliyekimbia vita, kwa nini afundishwe kupigana tena?

Neno lililochafuliwa

Swali hilo lina haki yake. Mashariki mwa Kongo, neno «kujilinda» limebeba damu nyingi. Tangu miaka ya 1990, makundi mengi ya silaha yamejiita makundi ya kujilinda. Kila moja lilisema linalinda kijiji chake, kabila lake ao mashamba yake. Mwaka 1996 na 1997, watoto walioitwa kadogo walitembea na bunduki kutoka Kivu hadi Kinshasa. Wengi wao walifundishwa mambo mawili tu: kutii na kupiga. Ni kusema, mzazi wa Kivu anapoona watoto wamepangwa mistari wakirusha ngumi na mtu mzima anawapigia kelele, anakumbuka mambo ambayo mzazi wa mahali pengine hakuyaona.

Historia ya judo inaweza kusaidia hapo. Mchezo huu haukuanzishwa na jeshi. Ulianzishwa na kijana mdogo wa mwili aliyechoka kupigwa na wenzake.

Kijana aliyeonewa shuleni

Kano Jigoro alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na mji wa Kobe, Japani. Alikuwa na akili darasani, lakini alikuwa mfupi na mwepesi, na wanafunzi wakubwa walimwonea. Alisikia kwamba zamani askari wa Japani walikuwa na ufundi ulioitwa jujutsu, ambao ulimwezesha mtu dhaifu kumwangusha mwenye nguvu. Akautafuta.

Haikuwa rahisi. Wakati huo Japani ilikuwa inabadilika haraka, tabaka la samurai limefutwa, na watu waliona jujutsu kuwa jambo la kizamani. Walimu wengi walikuwa wamepata kazi nyingine. Kano alimpata mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Hachinosuke, mwaka 1877. Alijifunza kwake, akajifunza kwa wengine baada yake, akilinganisha kila mbinu na nyingine.

Mwaka 1882, akiwa na miaka 21 tu, alifungua shule yake katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Ukumbi ulikuwa na tatami 12, na wanafunzi hawakufika hata kumi. Aliiita shule hiyo Kodokan. Mchezo wenyewe aliuita judo, ni kusema «njia ya upole», ao njia ya kulegeza.

Jina hilo lina hesabu ndani yake, na Kano mwenyewe aliieleza kwa namba. Tuseme adui ana nguvu 10, na wewe una 7. Akikusukuma na wewe ukishindana naye kifua kwa kifua, utaanguka, hata ukitumia nguvu zako zote. Lakini ukilegea wakati anasukuma, ukarudi nyuma huku umeshika kimono chake, yeye anapoteza usawa wake. Kwa nukta hiyo, mtu wa 10 amebaki na 3, na wewe bado una 7. Hapo mdogo anaweza kumwangusha mkubwa, na bado amebakiza nguvu.

Kano aliondoa katika mazoezi ya kila siku mbinu za kuvunja viungo vidogo, za kupiga na za kuua. Aliacha zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zote bila kuumizana. Akaweka kanuni mbili: kutumia nguvu vizuri kabisa bila kuipoteza, na kuendelea pamoja, wewe na mwenzako. Ya pili ndiyo inayotenganisha judo na vita. Bila mwenzako hujifunzi kitu. Ukimvunja leo, kesho huna wa kufanya naye mazoezi.

Kano alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi yake, akaongoza chuo kikubwa cha walimu Tokyo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1909 alikuwa mtu wa kwanza wa Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki mwaka 1938 ndani ya meli, akirudi nyumbani kutoka mkutano wa kamati hiyo uliofanyika Cairo, Misri.

Somo la kwanza ni kuanguka

Mtu akiingia katika chumba cha judo kwa mara ya kwanza, hafundishwi kumwangusha mwingine. Anafundishwa yeye mwenyewe kuanguka. Anakunja kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini. Anapiga tatami kwa mkono wote uliofunguliwa, ili uzito wa mwili usambae na usiangukie mfupa mmoja. Anarudia mara mia, nyuma, pembeni, mbele, mpaka mwili uache kuogopa ardhi.

Kuna faida mbili hapo. Ya mwili inaonekana: miguu, mgongo na tumbo vinapata nguvu, pumzi inakuwa ndefu, na hata mtu akiteleza matopeni siku ya mvua haumii ovyo. Ya moyo ni kubwa zaidi. Mtu aliyekwisha kuanguka mara elfu na kusimama mara elfu haoni tena kuanguka kuwa mwisho wa mambo.

Somo la pili ni kupiga tatami kwa mkono mara mbili. Maana yake ni «acha». Mwenzako akikubana shingo ao mkono na ukaona inatosha, unapiga, na yeye anapaswa kuacha nukta hiyo hiyo. Haulizi kwa nini. Hasemi ngoja kidogo. Aliye chini ndiye mwenye amri. Kwa mtoto aliyeona watu wakiomba huruma na wasihurumiwe, hilo ni fundisho kubwa kuliko mbinu yoyote ya kutupa mtu.

Wamama wa London waliokataa kusukumwa

Ufundi huu ulifika Ulaya mwisho wa karne ya 19, na mmoja wa watu wa kwanza kuufundisha Uingereza alikuwa mwanamke. Edith Garrud alizaliwa mwaka 1872. Alikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu. Alijifunza jujutsu kwa walimu wa Kijapani waliokuja London, na kufika mwaka 1908 alikuwa anafundisha wanawake mwenyewe.

Wakati huo wanawake wa Uingereza walikuwa wanadai haki ya kupiga kura. Tarehe 18 Novemba 1910, walipoandamana hadi bunge, polisi na wanaume wengine waliwapiga, wakawatupa chini na kuwashika miili yao vibaya kwa muda wa masaa mengi. Mwaka 1913 ikaja sheria ya kuwaachilia wafungwa waliogoma kula wakikaribia kufa, kisha kuwakamata tena wakipona kidogo. Watu waliiita sheria ya paka na panya.

Ndipo kikaundwa kikosi cha wanawake kama 25 hadi 30 cha kumlinda kiongozi wao, Emmeline Pankhurst. Garrud aliwafundisha kwa siri. Mwezi wa Machi 1914, katika ukumbi mmoja wa Glasgow, polisi walipanda jukwaani kumkamata Pankhurst, na wanawake hao wakawakabili mbele ya watu maelfu.

Pankhurst alikamatwa hata hivyo usiku ule, na hilo lisemwe wazi, maana mazoezi hayakuwafanya wanawake 30 kulishinda jeshi la polisi. Kilichobadilika ni kwamba mwanamke aliyezoea kusukumwa alijua sasa namna ya kusimama, namna ya kuchomoa mkono wake katika mkono wa mtu mkubwa, na namna ya kumsaidia mwenzake kukimbia. Mwaka 1918 wanawake wenye miaka 30 na zaidi, waliotimiza masharti ya mali, walipata kura. Mwaka 1928 wakapata sawa na wanaume. Garrud aliyaona yote hayo. Alifariki mwaka 1971 akiwa na miaka 99.

Mlango uliofungwa miaka mingi

Katika judo yenyewe, wanawake walikaa mlangoni muda mrefu. Kano alifundisha wanawake wachache tangu mwaka 1893, na Kodokan ikafungua sehemu yao mwaka 1926. Lakini hawakuruhusiwa kushindana, na hawakupandishwa zaidi ya daraja la tano la mkanda mweusi.

Keiko Fukuda, mjukuu wa yule mwalimu wa kwanza wa Kano, alianza mwaka 1935. Alipata daraja la tano mwaka 1953, akakaa hapo karibu miaka 20, huku wanaume aliowazidi ufundi wakimpita. Daraja la sita alipewa mwaka 1972. Alihamia Marekani, akafundisha San Francisco hata alipozidi miaka 90. Mwaka 2011 shirika la judo la Marekani lilimpa daraja la kumi, la juu kabisa. Hakuna mwanamke aliyewahi kulifikia kabla yake. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 99.

Huko Marekani pia, mwaka 1959, mwanamke aliyeitwa Rusty Kanokogi aliingia katika mashindano ya jimbo la New York akiwa amejifanya mwanamume. Alishinda. Alipoulizwa kama yeye ni mwanamke, alikubali, na medali ikachukuliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1980 ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, mjini New York. Judo ya wanaume ilikuwa imeingia Olimpiki tangu Tokyo 1964. Ya wanawake iliingia rasmi Barcelona 1992. Yolande wa Bukavu alipopanda tatami ya Rio, alipita katika mlango uliofunguliwa na wanawake hao.

Kutoka Kivu hadi Rio

Popole alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Akiwa na miaka 9 hivi, alikimbia mapigano huko Kisangani, akatengana na jamaa yake. Mama yake aliuawa. Mtoto huyo alikaa msituni siku 8 kabla ya kupatikana na kupelekwa Kinshasa. Yolande naye alitengwa na wazazi wake na vita akiwa mtoto, akapelekwa Kinshasa kwa ndege. Wote wawili waliishia katika makao ya watoto waliohamishwa na vita, na hapo ndipo walipofundishwa judo.

Yolande amesema mara nyingi kwamba judo ilimpa moyo wenye nguvu. Lakini hadithi yao ina upande mwingine, na wazazi wanapaswa kuujua. Wote wawili waliwaeleza waandishi wa habari kwamba walipokuwa wakishindwa katika mashindano, walifungiwa na kunyimwa chakula cha kutosha. Mwaka 2013 walipelekwa Rio kwa mashindano ya dunia. Huko waliachwa katika hoteli bila pesa, bila chakula na bila pasipoti. Wakatoka nje kutafuta msaada, wakaomba hifadhi. Mwaka 2014 walikubaliwa kuwa wakimbizi.

Waliishi katika mitaa ya maskini, wakifanya kazi za siku kwa siku. Baadaye walipokelewa na Instituto Reação, shirika lililoanzishwa mwaka 2003 na mchezaji Flávio Canto ili kufundisha judo watoto wa mitaa hiyo. Kocha wao, Geraldo Bernardes, alisimulia kwamba mwanzoni walikuwa wakali mno. Walimtupa mwenzao wa mazoezi kana kwamba ni adui. Ilibidi waanze upya na kujifunza kwamba mazoezini hakuna adui.

Hapo ndipo jibu la swali la wazazi. Mchezo ulikuwa ule ule, mbinu zile zile, kimono kile kile. Mahali pamoja ulitumika kuwatisha watoto, mahali pengine ukawarudishia utu wao. Tofauti ilikuwa kwa mtu mzima aliyesimama mbele yao.

Katika ukumbi ule ule wa Bernardes alikuwa akifanya mazoezi Rafaela Silva, msichana mweusi wa mtaa wa maskini wa Cidade de Deus. Mwaka 2012 huko London aliondolewa mashindanoni kwa kosa la kushika mguu, akatukanwa kwa rangi yake. Alitaka kuacha. Alirudi, akawa bingwa wa dunia mwaka 2013, na tarehe 8 Agosti 2016 akachukua medali ya dhahabu, ya kwanza kwa Brazili katika michezo ile.

Mwaka 2021 Popole alirudi Olimpiki na timu ya wakimbizi, safari hii Tokyo, katika ukumbi wa Nippon Budokan. Mtoto aliyepotea msituni alipigana katika mji ule ule ambako Kano alitandika tatami zake 12.

Kinachosaidia na kisichosaidia

Kuna watu waliopima jambo hili kwa utafiti. Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata wanafunzi wa kike 893 wa vyuo vikuu 3. Waliopata mafunzo ya masaa 12 ya kutambua hatari, kukataa kwa sauti na kujinasua, asilimia 5.2 walibakwa katika mwaka uliofuata. Kati ya wale waliopewa vijitabu tu, ilikuwa asilimia 9.8. Karibu nasi, Nairobi, utafiti wa mwaka 2014 katika mitaa ya maskini ulionyesha kwamba wasichana waliofundishwa, waliosema wameshambuliwa kingono walishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 11.1 kwa mwaka. Tafiti nyingine za baadaye huko huko, kwa watoto wadogo zaidi, hazikuleta matokeo makubwa kama hayo. Ni kusema, mafunzo si dawa ya kila kitu.

Katika mafunzo yote mawili, sauti ilikuja kabla ya ngumi. Washambuliaji wengi si watu wasiojulikana. Ni jirani, rafiki, mtu wa ukoo. Mtu kama huyo anategemea aibu na ukimya. Msichana anayejua kusema «hapana» kwa sauti ya tumbo, akimtazama machoni, na anayejua kwamba ana haki ya kupiga kelele na kukimbia, tayari amebadilisha hesabu.

Bukavu tuna mfano wetu. Cité de la Joie ilifunguliwa mwaka 2011, ikishirikiana na watu wa Panzi, kwa ajili ya wamama na wasichana walionusurika ubakaji. Kila kundi ni la wanawake 90, wanakaa miezi 6. Pamoja na matunzo ya moyo, kusoma na kilimo, wanajifunza pia kujilinda. Hawafundishwi kwa sababu walikosa kujitetea zamani. Kosa ni la aliyebaka, daima. Wanafundishwa ili mwili uliotekwa urudi kuwa wao.

Na mbele ya bunduki, hakuna mkanda mweusi unaotosha. Mama anayeenda kutafuta kuni porini hawezi kuwashinda watu wenye silaha kwa judo, na mtu anayemwahidi hivyo anamdanganya. Usalama wa njia ya kuni ni kazi ya serikali na ya wenye jukumu la kulinda raia.

Mzazi aangalie nini

Kwa hiyo, mwalimu akija kambini ao mtaani na kutaka watoto, historia hii inampa mzazi maswali ya kuuliza. Je, anafundisha kuanguka kabla ya kuangusha? Mtoto akipiga chini kuomba aachwe, anaachwa mara moja? Aliyeshindwa anatendewa namna gani: anafundishwa, ama anapigwa na kunyimwa chakula? Wasichana wanapokelewa sawa na wavulana, na kuna mwanamke mzima anayekaa pale mazoezi yakiendelea? Mlango uko wazi, mzazi anaweza kuingia saa yoyote bila kuomba ruhusa? Na mwalimu mwenyewe, ana uhusiano na watu wenye silaha?

Kama majibu ni mazuri, mtoto anaweza kwenda hata bila kimono. Judo ya watoto inaweza kuanza kwenye majani laini ao mchanga, mikeka ikikosekana, mradi kutupana kungoje mahali panapofaa. Kama majibu ni mabaya, mtoto abaki nyumbani, hata kama mwalimu ana medali.

Popole na Yolande walipewa judo hiyo hiyo mara mbili, mara ya kwanza na watu waliowafungia, mara ya pili na watu waliowangoja wajifunze upya. Watoto wa makambi yetu wana haki ya kuanza moja kwa moja na ile ya pili.